Ndugu wa Mechi Moja

Naomba kuwasilisha malalamiko yangu kwa maandishi, kwa kuwa kijana wa kibanda cha kubeti amekataa kuendelea kuyasikiliza kwa madai kwamba nyuma yangu kuna foleni. Malalamiko yenyewe si magumu. Nikiweka kwenye mkeka, yaani tiketi moja ya kubeti, mechi tano zisizojuana, moja ya Dar es Salaam, nyingine ya Hispania na nyingine ya mji ambao sitaukanyaga maisha yangu yote, mashine inazidisha odi zote, yaani zile namba zinazozidishwa na dau langu nikipatia, bila kununa. Nikichagua mambo mawili ndani ya mechi moja, tena mechi ya timu ninazozijua tangu nikiwa mtoto, mashine hiyo hiyo inasitasita, inazungusha kiduara chake, kisha inanipa odi ndogo kuliko ile ambayo mwalimu yeyote wa hesabu wa shule ya msingi angeipata ubaoni.

Chukueni mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga. Simba kushinda iliwekewa odi ya 2.00, na magoli kuzidi 2.5 yakawekewa odi ya 2.20. (Goli la nusu, kwa wasiobeti, halijawahi kufungwa popote duniani, limewekwa ili mabishano yaishe, maana magoli ama yatakuwa mawili ama yatafika matatu.) Mbili mara mbili nukta mbili ni nne nukta nne, na kwa dau langu la shilingi 1,000 nilikuwa nikitarajia shilingi 4,400. Mashine ikaandika 3,300. Nikauliza kwa sauti ya kistaarabu, ingawa watu wa kinyozi jirani walidai waliisikia, kwamba hizo shilingi 1,100, ambazo kwangu ni chai na chapati, zimekwenda wapi hata kabla mpira haujaanza.

Kijana alinijibu kwa adabu, kwa kuwa tulikuwa tumeshaamkiana. "Baba, hayo mambo mawili ni ndugu," akasema. Akachukua karatasi na kunifafanulia kwamba odi ya 2.00 maana yake ni kuwa katika mechi 100 za namna hiyo, Simba inakadiriwa kushinda 50. Kama magoli yangekuwa hayana habari na ushindi, basi katika hizo 50 zisingefika hata 23 zenye magoli matatu au zaidi. Lakini timu haishindi bila kufunga, na ikishafunga, mpinzani hutoka nyuma kusaka la kusawazisha na kuacha mlango wazi, hivyo mechi ambazo Simba imeshinda ndizo hizo hizo zenye magoli mengi, tuseme 30 kati ya 50. Mia ukigawa kwa 30 unapata 3.3 na ushee. Nilimweleza kwamba nimeelewa na kwamba kuelewa kwangu hakuipunguzii kampuni lawama hata kidogo.

Kwa maana yangu mimi, kampuni hii inashika mila kuliko baraza la ukoo: watu wa mbali wakioana mahari inalipwa kamili, lakini waliotoka nyumba moja mahari inakatwa. Nami sina ugomvi na mila. Ugomvi wangu ni kwamba mkataji wa mahari ni yule yule anayepaswa kuilipa.

Undugu wenyewe siukatai, kwa sababu historia inaushuhudia. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5 kwa 1, tarehe ambayo naitaja kwa shingo upande na kwa ajili ya hoja tu. Siku hiyo aliyesema Yanga itashinda alipata, aliyesema magoli yatazidi 2.5 alipata, na aliyesema timu zote zitafunga naye alipata, wote kwa dakika 90 zile zile. Tarehe 6 Mei 2012, ambayo naitaja kwa moyo mkunjufu kabisa, Simba iliishindilia Yanga 5 kwa 0, na mwaka 1977 ilikuwa 6 kwa 0, ingawa enzi hizo hapakuwa na kibanda cha kunilipa. Ushindi mnono haujawahi kuja peke yake. Huja na magoli, na huja na mshambuliaji aliyefunga mawili. Mtu anayejua haya akayaunganisha anastahili kuitwa mtaalamu, lakini malipo yake yanakatwa kana kwamba amekamatwa akichungulia mtihani.

Linalonikera zaidi ni kwamba wapo pia ndugu wasiopatana, na hao mashine inawapandishia odi kwa ukarimu wa kutilia shaka. Jaribu kuunganisha sare na magoli kuzidi 2.5. Sare ya 1 kwa 1 ina magoli mawili, kwa hiyo hupati kitu. Mechi ya magoli matatu haiwezi kuwa sare hata mwamuzi akipenda. Unabaki ukingoja 2 kwa 2 au zaidi. Hapo odi inapaa kuliko ile ya kuzidisha, na mtu mwenye kodi ya nyumba shingoni huanza kukumbuka tarehe 20 Oktoba 2013, Yanga ilipokwenda mapumziko ikiongoza 3 kwa 0 na Simba ikarudisha yote, ikawa 3 kwa 3. Kumbukumbu hiyo imewagharimu wanaume wengi wa mtaani kwetu. Kila watani wakikutana kuna mtu anasema, "Kama ilitokea mwaka ule," na ikifika jioni mkeka wake umechanika kwa sare ya bila magoli.

Jirani yangu ana malalamiko mazito kuliko yangu. Alitaka timu zote zifunge, magoli yasizidi 2.5, na Simba ishinde. Mashine ilimkatalia kwa maandishi mekundu. Nilijaribu kumwonyesha kwa vidole: timu zote zikifunga na magoli yasizidi mawili, matokeo ni 1 kwa 1 na hakuna mengine, kwa hiyo ushindi wa Simba hauna pa kukaa. Alinitazama kwa huruma, akasema mashine ile ni ya Yanga, akaenda kibanda cha pili, akakataliwa, akatangaza kwamba vibanda vyote vimenunuliwa. Mimi ningekuwa mwenye kampuni ningeupokea mkeka wa aina ile kwa mikono miwili na kumletea mteja kiti.

Pale ukutani kuna bango linalosema kwamba walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kucheza, na hilo ni jambo jema. Sijaona bango la kumlinda mtu wa makamo anayejua jedwali la kuzidisha.

Basi nikamuuliza kijana ni mambo gani naweza kuyaunganisha nikalipwa kuzidisha kamili. Akasema yoyote yasiyo na uhusiano, na hapo sura yake ikachangamka kupita kiasi, jambo lililonifanya nimwombe ile karatasi na kalamu. Kila odi huwa imeshamegwa kidogo kabla ya kunifikia. Tukisema katika kila shilingi 100 ya thamani halali kampuni inaniachia 95, mkeka wa mechi moja unaniacha na 95, lakini mkeka wa mechi kumi unazidisha na kumega vilevile, na mwishoni katika 100 yangu nimebakiwa na kama 60. Kwa hiyo ndugu wakikaa pamoja nakatwa waziwazi, na wageni wakikaa pamoja nakatwa kimyakimya. Nilimrudishia kalamu yake. Kisha nikacheza mechi kumi za wageni, kwa sababu bora nikatwe na watu wasionijua.

Ndiyo maana usiku wa kuamkia jana, saa tisa, nilikuwa sebuleni nimeshika simu, nikifuatilia mechi ya ligi ya chini huko Argentina kati ya timu mbili ambazo majina yao siwezi kuyatamka mbele ya watu. Mke wangu akatoka chumbani, akasimama mlangoni na khanga yake begani, akauliza ni nani wanaocheza muda huo. Nikamjibu kwamba sijui, ila nahitaji kona mbili kabla ya mapumziko.