Puto la kung'aa likinasa kwenye nyaya za umeme, alaumiwe nani?

Kule California, Marekani, wamebishana miaka mingi kuhusu yale maputo ya kung'aa ya heliamu (ile gesi nyepesi inayoyafanya yaelee), ya bethidei na mahafali, kama yapigwe marufuku au wateja waelimishwe tu. Hoja zipo pande zote, ila mi nimeshachagua upande.

Ile ngozi ya silva ni plastiki iliyopakwa aluminiamu nyembamba sana, na aluminiamu inapitisha umeme. Puto likiponyoka likaenda kugusa nyaya mbili kwa pamoja basi umeme umepata njia ya mkato, unasikia kishindo, cheche zinamwagika, saa nyingine waya unakatika unaanguka barabarani ukiwa na umeme wake na mtaa mzima giza. Wenye makampuni ya umeme kule wanahesabu mamia ya matukio kila mwaka, na Valentine na msimu wa mahafali ndo balaa zaidi. Puto la mpira linasinyaa baada ya siku moja hivi, hili linaelea hata wiki mbili tatu!

Wauzaji nao wana lao: toka 1990 sheria inataka kila puto hilo la heliamu liuzwe na kizito cha kulishikilia chini pamoja na onyo, sasa mteja akikata kamba muuza maua kakosa nini? Na kweli, duka dogo linategemea sana siku kama Valentine. 2008 ulipita mswada wa marufuku kabisa, Gavana Schwarzenegger akaukataa, na kwa hilo nawaelewa waliofurahi.

Lakini jamani kizito kinasaidia mpaka pale mtoto anapokifungua. Miaka zaidi ya 30 ya kuwaonya watu na nyaya bado zinalipuka, hapo huwezi kuendelea kumlaumu mtoto. Ndo maana sheria aliyosaini Gavana Newsom 2022 naiona ya haki, puto libaki ila litengenezwe kwa kitu kisichopitisha umeme, lipimwe kwenye nyaya za mtaani zenye umeme wa hadi kilovolti 38 (volti 38,000), na mzigo unamwangukia mwenye kiwanda ambaye ndo anaweza kubadilisha kitu. Kinachonikera ni muda, eti hadi 2031 ndo yote yawe salama, wakati ile nchi nyasi zikikauka cheche moja inatosha kuwasha moto mkubwa.

Kwa sasa likinasa juu usilifuate na fimbo wala ngazi, hata kamba yake usiiguse, wapigie watu wa umeme.