Bakteria wa mwanga na ndoto ya kuachana na LUKU

Umeme ukikatika Sinza, kijiweni hazikosekani hoja. Mpya kwa sasa ni kwamba bakteria wanaoishi kwa mwanga watatuondolea paneli za sola na tokeni za LUKU, umeme wa kulipia kabla.

Hoja hii haikuokotwa jalalani. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walieleza jinsi prosesa ndogo ya kompyuta ilivyofanya kazi zaidi ya miezi 6 kwa umeme wa sayanobakteria, yaani bakteria wanaojipikia chakula kwa mwanga kama mimea, aina ya Synechocystis, waliofungiwa kwenye kichombo chenye ukubwa wa betri ya saa ya ukutani. Hata gizani iliendelea, maana wadudu hao usiku huchakata chakula walichojipikia mchana. Sola ya juu ya bati, jua likizama, inategemea betri. Tena bakteria huzaliana wenyewe, hawasubiri kontena bandarini.

Sasa tupige hesabu. Prosesa ile ilikula chini ya sehemu moja ya milioni ya wati. Kwa kiwango hicho, taa ya wati 5 ingedai vichombo zaidi ya milioni 5. Wahandisi hawana kosa hapa. Elektroni ambazo bakteria anazing'oa kwenye maji kwa nguvu ya mwanga ni za kujengea sukari na mwili wake. Sisi tunaambulia makombo. Na makombo yenyewe yana utata: elektrodi mojawapo, yaani kipande cha kupitishia umeme, ilikuwa ya alumini, na watafiti hawakufuta uwezekano kwamba bakteria walikuwa wanasaidia tu alumini iliwe kama chuma kwa kutu, umeme ukatoka humo.

Wapo pia bakteria wa mwanga wasio na umbijani, ile rangi ya kijani ya majani, kabisa. Mwaka 2000 ilitangazwa kwamba bakteria fulani wa bahari, kutoka Ghuba ya Monterey huko Marekani, wana protini ya jamii ya rodopsini, jamaa ya ile ya machoni mwetu. Mwanga ukiipiga, inasukuma protoni nje ya seli. Zikirudi ndani zinaweza kuzungusha kimashine kinachotengeneza ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli. Kwa njia hiyo hawatoi oksijeni wala hawajengi sukari. Ni kama mama lishe anayeuza vocha pembeni: wali, yaani chakula wanachookota majini, ndio kazi; vocha, yaani mwanga, ni ya kuvusha siku mbaya.

Kwa hiyo taa na feni tuziachie paneli. Bakteria ningewapeleka Bonde la Msimbazi, la mto unaofurika hapa Dar es Salaam, kwenye vipimo vya kina cha maji. Paneli ya kando ya mto haichelewi kuibwa. Kopo la maji ya kijani nani atalitaka? Ila kupima ndiyo kazi nyepesi. Kutuma taarifa kwa mtandao wa simu hula umeme mwingi zaidi, hivyo kifaa kingedunduliza chaji na kutuma mara chache. Kiangazi hilo halina shida. Masika, mawingu yakitanda siku tatu na mto ukipanda, tutataka taarifa kila baada ya dakika chache, na sioni kopo lile likiziweza.