Siku binti hataki kweli, atasema nini?

Kwenye kicheni pati moja Uyole, mama aliyekuwa akifunda aliwaambia mabinti: mwanamume akikushika usikubali upesi, sema sitaki, aendelee kukubembeleza. Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi nikabaki nawaza, siku hataki kweli, atasema nini?

Wapenzi watu wazima wanaopenda michezo ya ubabe, kama kufungana vitambaa au kushikana kwa nguvu, wana jibu lao: neno la usalama. Mnakubaliana mapema, chupa hazijafunguliwa, kwamba likitamkwa kila kitu kinasimama. Wengine hutumia rangi za taa za barabarani: njano punguza, nyekundu acha. Neno liwe fupi, na lisiwe na kazi chumbani. "Mama" halifai, watu humwita hata kwenye raha. "Kitulo" linafaa, nani atakumbuka hifadhi ya maua saa hiyo? Asiyeweza kusema hushika funguo, akizidiwa aziachie. Ila kwa baridi ya Mbeya mwezi wa saba, funguo zikiangukia juu ya mablanketi mawili hazisikiki. Heri kumpiga mwenzako begani mara tatu.

Wanaolitetea wana hoja. Sisi wenyewe tumeichakaza "sitaki" hadi tukaiita "sitaki nataka". Neno jipya halijazoea kupuuzwa. Tena kulichagua kunawalazimisha wawili kuambiana wanachopenda na wasichotaka kabisa, na wapo waliooana miaka kumi bila kuambiana hayo.

Wanaolitilia shaka nao hawakosei. Mwenye hofu hukauka, ulimi ukawa mzito. Halafu mwenye nia mbaya anapata kichaka: "Mbona hukusema Kitulo?" Hili ndilo linanisumbua zaidi, maana "niache" haipotezi nguvu kwa sababu kuna neno la ziada. Sheria nayo haina habari na neno lenu. Uingereza, katika kesi ya Brown ya mwaka 1993, iliamuliwa kwamba ridhaa haimwokoi aliyemjeruhi mwenzake kwenye michezo ya namna hii. Kwetu Tanzania, kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoandikwa upya na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kinadai ridhaa ya mwanamke, lakini mke ambaye hajatengana na mumewe kimemwacha nje. Huyo ndiye anayelihitaji zaidi neno la kusimamisha, na ndiye lisilomfaa kama mume hasikii.

Kwa hiyo mimi nalikubali kwa wanaosikilizana tayari. Kipimo changu ni asubuhi yake. Neno limesemwa usiku, mwenzako akaacha, akakufunika, akakuletea maji: vizuri. Lakini akiamka amenuna, chai anakunywa kimya na ugali wa mchana anasema hana njaa, wiki ijayo utauma meno tu, na Kitulo hutaitaja.