Geini Inunuliwe kwa Wingi, Kisha Itupwe

Miaka yangu ya mwanzo kwenye ufundi nilikuwa nachagua transista kama watu wanavyochagua nyanya gengeni. Mita yangu ilikuwa na kile kitundu cha kupimia hFE, yaani geini ya transista: inakuza mkondo mara ngapi. Basi nikinunua pakiti ya BC547 naketi jioni nazipima moja moja: hii 190, hii 310, hii 450. Nilikuwa na bahasha tatu, nimeziandika "dhaifu", "wastani" na "kali". Mtu akitaka amplifaya ya maiki yenye nguvu, natoa kwenye "kali", huku najisifu moyoni kwamba mimi ni fundi ninayejua ninachofanya.

Kumbe sijui kitu. Kazi zilikuwa zinarudi. Amplifaya imetoka kwangu asubuhi inaimba vizuri, saa nane mchana jua la Dar likishakolea kwenye bati, mteja anapiga simu: fundi, sauti inakwaruza. Nabadilisha transista, inapona, wiki inayofuata yuko mlangoni tena. Nikawa nalaumu vifaa feki. Feki zimejaa, sikatai, lakini safari ile hazikuwa na hatia. Nilikuwa nimechora saketi iliyoning'inia kwenye namba ambayo hata kiwanda hakiiahidi. Karatasi ya data ya BC547 inasema hFE yake ni kati ya 110 na 800. Jina ni lile lile mgongoni, kifaa kimoja kinaweza kumpita mwenzake mara saba. Na transista ikipata joto namba hiyo inapanda.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia kijana anatafuta "transista yenye geini kubwa" ili amplifaya yake itulie, najua anatafuta dawa kwenye ugonjwa wenyewe. Geini ya kifaa ni mali ghafi. Unainunua nyingi kuliko unayohitaji, kisha unaitupa sehemu kubwa kwa makusudi, ili kinachobaki kiamuliwe na rezista mbili za bei ya pipi.

Chukua saketi ya kawaida ya transista moja. Kolekta, mguu wa kutolea sauti, ina rezista ya 4.7k, mkondo unaopita ni miliampia 1, na emita, mguu wa chini, umeipeleka grandi (waya wa sifuri) kwa kapasita upande wa sauti. Geini yake inakaribia 190, kwa sababu ndani ya emita kuna ukinzani wa asili wa ohmu 25 hivi, na 4700 ukigawa kwa 25 unapata 188. Inapendeza kwenye karatasi. Tatizo ni hizo ohmu 25: zinacheza na joto, zinacheza na mkondo, na wimbi la sauti likiwa kubwa zinacheza katikati ya wimbi lenyewe. Mkwaruzo unazaliwa hapo.

Sasa ng'oa ile kapasita, halafu emita ipitie rezista ya ohmu 470 kwenda grandi. Geini inaporomoka hadi 9.5. Mwanafunzi anaona hasara. Mimi nilifanya jaribio hili usiku mmoja umeme uliporudi, nikachomeka transista kutoka bahasha ya "dhaifu", kisha "wastani", kisha "kali". Mita ikaonyesha karibu kitu kile kile mara zote tatu. Ukihitaji geini ya 90, panga hatua mbili kama hiyo, transista ya pili haizidi bei ya andazi. Kesho yake nilizimwaga bahasha zote kwenye kopo moja la maziwa ya unga, na ndimo zilimo hadi leo.

Wazo hili lina mwenyewe. Harold Black alikuwa mhandisi wa Bell Labs, maabara ya simu ya Marekani, na kazi iliyomsumbua ilikuwa ya simu za masafa marefu. Sauti ikisafiri kwenye waya inafifia, kwa hiyo njiani wanaweka amplifaya za valvu (zile taa za kioo zilizotangulia transista), moja baada ya nyingine. Kila moja inaongeza mkwaruzo wake kidogo. Zikiwa nyingi, anayesikiliza upande wa pili anapata uji. Wenzake walihangaika kutengeneza valvu bora zaidi, yaani wao nao walikuwa na bahasha yao ya "kali". Tarehe 2 Agosti 1927, Black akiwa kwenye kivuko cha asubuhi akivuka mto Hudson kwenda kazini New York, likamjia: jenga amplifaya yenye geini kubwa kupita kiasi, kisha sehemu ya kinachotoka irudishe mwanzoni ikiwa imegeuzwa, ijipinge yenyewe. Aliandika hesabu zake juu ya gazeti alilokuwa nalo mkononi. Hataza aliiomba mwaka 1928, akaipata 1937. Miaka tisa! Waingereza waliliona ombi lake kama la mtu anayedai ametengeneza mashine inayojiendesha milele.

Nadhani kilichowashinda watu wa hataza ndicho kinachowashinda wanafunzi wetu: roho inakataa kutupa. Na darasani hatuisaidii. Tunawakaririsha kanuni ya op-amp, amplifaya nzima ndani ya aisii (chipu) moja: moja jumlisha rezista ya juu gawa kwa ya chini, wanafaulu mtihani, lakini hakuna anayewaambia kwamba 741, op-amp ya kawaida, ina geini ya 200,000 ndani yake, na ukiweka rezista za 10k na 1k ukapata 11, ile iliyobaki yote imekwenda kununua utulivu.

Asiyejua hilo ndiye anayekuja na amplifaya ya maiki yenye 1M na 1k kwenye 741 moja. Geini 1001, hongera. Lakini 741 ina bajeti: geini ukizidisha kwa masafa haivuki kama megahezi 1. Kwa geini ya elfu unabaki na kilohezi 1 tu. Sauti inatoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi, na maiki inalaumiwa bure. Gawanya kazi kwa hatua mbili za geini 32 hivi, unapata ile elfu yako na masafa yanafika karibu kilohezi 20.

Kuna wanaosema mrejesho hasi, yaani huku kurudisha sauti mwanzoni ikiwa imegeuzwa, unaua utamu wa muziki. Sibishani na masikio ya mtu, ila wengi wanaoniambia hivyo wanasikiliza kupitia spika iliyochanika.

Kutupa nako kuna mpaka wake, na mimi niliujua kwa kuungua kidole. TDA2030, aisii ya kusukuma spika, kwa kawaida inafungwa na 22k na ohmu 680, geini 33. Usiku mmoja chini ya taa ya njano nikachukua 6.8k nikidhani ni 680. Michirizi ya 680 ni bluu, kijivu, kahawia. Ya 6.8k ni bluu, kijivu, nyekundu. Nani anatofautisha kahawia na nyekundu saa tano usiku? Geini ikawa 4 na kidogo. Spika kimya, lakini aisii inachemka kama chungu. Ilikuwa inatetemeka yenyewe kwenye masafa ambayo sikio halisikii, kwa sababu aisii za aina ile hazitulii ukishusha geini chini ya desibeli 24, yaani mara 16 hivi. Soma karatasi ya data kabla ya kuwa mkarimu.

Kama lazima uweke poti (rezista ya kuzungusha) ya kurekebisha geini kwenye op-amp kama 741, angalia unaiweka wapi. Wengi huiweka juu, kwenye njia ya mrejesho. Vumbi likiingia, kimguso kikaachia hata kwa nukta moja, mrejesho umekatika na ile geini yote uliyoitupa inarudi kwa mkupuo. Spika inapigwa kofi. Iweke chini, kwenye mguu wa kwenda grandi, na rezista ndogo mbele yake. Ikiachia, geini inashuka hadi 1, sauti inafifia tu, mwenye harusi anakutafuta kwa upole.

Na kuna kesi ambayo geini haihusiki kabisa. Mteja analalamika kwamba akizungusha volyumu robo tu tayari ni kelele, kuanzia hapo mpaka mwisho haoni tofauti, anaomba upunguze nguvu. Kabla hujashika chuma cha kuchomea, geuza poti usome mgongoni. Mara nyingi fundi aliyetangulia ametoa A50K (inayopanda polepole mwanzoni, kama sikio linavyotaka) akaweka B50K (inayopanda sawasawa), kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani. Rudisha yenye A, mkabidhi kitu chake.