Sikuzama Kivu, Nilikuwa Napima Mgongo

Kwa kuwa rafiki yangu ameshasambaza ile sauti yake ya dakika nne, ya kwamba nimezama, katika vikundi vyote vya Bukavu, nami asubuhi hii nimepokea salamu za pole kutoka kwa watu nisiowajua, naomba niseme mwenyewe: sikuzama katika Ziwa Kivu. Nilikuwa napima mgongo.

Kifaa nilichopimia ni kidogo kama kiberiti; hupima mchapuko (jinsi kasi inavyobadilika) na kasi ya kuzunguka, na kikifungwa kiunoni huonyesha jinsi mwili unavyobingirika ubavu hadi ubavu mtu anapoogelea. Maji ndiyo adui yake, hivyo nilikitia ndani ya kondomu mbili, nikakaza fundo, nikakifunga kwa mkanda wa mpira. (Wafuasi wangu, kondomu haipitishi maji; wekeni akiba ya kicheko, mtaihitaji.)

Rafiki alibaki ufukweni na simu, akitazama mchoro ambao kifaa kiliutuma kwa redio. Mimi, msomi wa familia, nilisahau kwamba mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4 humezwa na maji kabla hayajafika mbali. Nikalaza uso majini, nikavuta mkono wa kwanza, wa pili, nikijiona nateleza kama sambaza, vile visamaki vidogo vya Kivu, huku nyuma mstari wa simu ukanyooka, na rafiki, niliyemweleza mara mbili kwamba hicho si kipimo cha moyo, akapaza sauti: "Moyo wake umesimama!"

Sikusikia. Nilichosikia ni kasia. Kisha mkono wa mvuvi ukashuka, ukapapasa bega, ukateleza, ukakamata mkanda. Mkanda ukapanda, kaptula ikasita kidogo, ikaamua kubaki ziwani. Nikaingizwa mtumbwini kinyumenyume, kondomu zikining'inia mgongoni na kumeremeta juani, mbele ya akina mama waliokuja kununua sambaza, akiwemo mama mmoja wa kwaya yetu. Akanitazama, akazitazama, akasema taratibu: "Mtoto wangu, hata ndani ya maji?"

Nikapewa kitenge, nikaenda nyumbani.

Kifaa kina kumbukumbu yake, hakikupoteza hata sekunde moja. Mawimbi ya kuogelea kwangu ni hafifu, ya kusikitisha. Pale waliponinyakua tu ndipo mstari umepanda wima hadi kikomo cha kipimo. Rafiki ameomba nimtumie mchoro huo, auambatanishe na ile sauti.