Mbio za jetski: anayeshinda ni mtu au ni injini?

Wengi wetu tunaijua jetski kama chombo cha kukodi. Mgeni anaichukua ufukweni Mombasa au Nungwi, anazunguka dakika chache, anarudi amelowa. Kwa hiyo ukisema kuna mashindano ya dunia ya vyombo hivi, utajibiwa haraka kwamba hapo hakuna mchezo, kuna matajiri na kelele zao. Lawama hiyo ina ukweli, ila haiwagusi washindani wote sawasawa.

Tuanze na chombo chenyewe. Pangaboi la jetski limefichwa ndani ya bomba chini ya tumbo lake. Linafyonza maji na kuyatupa nyuma kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba, na usukani kazi yake ni kuugeuza mdomo huo. Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Ukiachia mafuta, maji hayatoki. Yasipotoka, usukani haugeuzi kitu. Mwoga anayeachia mafuta kabisa kwenye kona hupelekwa moja kwa moja na chombo chake. Kona inakatwa kwa kubaki na mafuta wakati ambapo mwili mzima unakuomba uyaachie, na ujasiri huo haununuliwi dukani.

Njia ya mbio huchorwa kwa maboya, mengine ya kuzungukwa kushoto, mengine kulia. Washindani hujipanga kwa safu, wanaachiwa kwa pamoja, wote wanalikimbilia boya la kwanza. Atakayelifikia mbele ya wenzake anapata maji yaliyotulia. Wa nyuma wanapigwa na mawimbi ya wenzao na manyunyu yanawaziba macho. Mbio hurudiwa na pointi kujumlishwa, kwa hiyo bahati ya mwanzo mmoja haitoshi. Kila mmoja amevaa kofia ngumu na jaketi la kuokolea, na amefungwa kamba ya kuzimia injini: akianguka, kamba inachomoka na chombo kinazimika.

Sasa kuna jetski za kukaa na za kusimama. Kwa zile za kukaa, wakosoaji wana hoja nzito. Kawasaki Ultra 310, chombo cha dukani, ina nguvu za farasi 310 na uzito wa zaidi ya kilo 400. Kwenye madaraja yanayoruhusu injini kufumuliwa na kuundwa upya, mwenye fundi bora na mfuko mnene anaanza akiwa mbele. Yapo madaraja ya vyombo visivyobadilishwa sana, na yanasaidia, lakini hata hapo lazima uwe na cha kununulia chombo, kukisafirisha na kukilisha petroli.

Za kusimama ni habari nyingine, na kwangu ndizo roho ya mchezo huu. Clayton Jacobson II, Mmarekani aliyebuni chombo hiki miaka ya 1960, alikuwa mwendesha pikipiki za mashindano ya vumbi, na jetski ya Kawasaki iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa ya kusimama. Magoti ndiyo springi, kiuno ndicho kinachokilaza chombo kwenye kona. IJSBA, chama cha mbio za jetski kilichoanzishwa Marekani mwaka 1982, kilijenga jina lake kwa fainali za Lake Havasu, Arizona. UIM, shirikisho la mbio za boti lenye makao Monaco, linalosimamia mashindano ya jetski yaitwayo Aquabike, lina daraja la wanawake la kusimama, ambako Msweden Emma-Nellie Örtendahl ametwaa ubingwa zaidi ya mara moja. Mtazame akikata kona, kisha uniambie ni injini tu.

Lakini hapa hapa ndipo panaponipa shida. Jetski za kusimama zinazopendwa zaidi mbioni zina injini zinazochoma petroli iliyochanganywa na oili. Ni nyepesi: Yamaha SuperJet ya aina hiyo ilikuwa na takriban kilo 140. Injini hizo zikiwa za kabureta, robo ya mafuta au zaidi huweza kumwagika majini bila kuungua, na ndiyo sababu zilipigwa marufuku mwaka 1999 katika Lake Tahoe, ziwa la Marekani. Vyombo vya injini safi, zisizochoma oili pamoja na petroli, vipo, ila ni vizito. Kawasaki SX-R ya 1,498 cc ina kilo 250, na mwaka 2021 Yamaha nayo iliihamisha SuperJet kwenye injini ya namna hiyo, uzito ukapanda. Washindani wanalalamika kuwa uzito unaua wepesi wa mwili, na wanasema kweli.

Hata hivyo ziwa haliwezi kulipia wepesi wetu. IJSBA na UIM wataje mwaka wa kuziondoa injini za zamani, na wautangaze mapema, ili mwenye chombo kimoja tu apate muda wa kujipanga sawa na timu yenye wadhamini.