Kondoo wanahitaji sapoti sawa, ila sapoti ipi?

Eneo lenye kondoo wengi likianza kuongelea kuinua hii sekta, watu wanagawanyika palepale, hawa wanataka serikali itoe ruzuku na ipange bei ili mfugaji asinyonywe, wale wanasema acheni soko liamue. Mi naona wote wana hoja ila wote wanaruka hatua.

Bei ya kupangiwa ilishajaribiwa Australia kwenye sufu. Sufu ikikosa mteja kwa bei iliyowekwa, shirika la sufu lenyewe linainunua na kuiweka stoo, basi wafugaji wakaongeza kondoo, wanunuzi bei ikawashinda, mpaka mpango unavunjwa Februari 1991 kuna marobota karibu milioni 4.7 yamelala na kondoo kwa mamilioni walipigwa risasi maana hawana wa kuwanunua. Inauma hiyo.

Wa upande wa soko huru wanapenda kutaja New Zealand, walifuta ruzuku 1984 na ufugaji haukufa. Kweli kabisa, kondoo wameshuka toka milioni 70 mwaka 1982 hadi chini ya milioni 25 ila mwanakondoo aliyekuwa anatoa nyama kilo 14 hivi sasa anatoa 18 na zaidi. Lakini jamani wale meli yao ya kwanza ya nyama ya kugandishwa iliondoka 1882, yaani ruzuku inafutwa wana miaka mia ya machinjio, majokofu na utafiti. Eneo ambalo halina hata mizani mnadani ukiliambia lijitegemee unalitelekeza tu.

Na hiyo mizani si kitu kidogo. Dalali anakuja anaminya mgongo pale juu ya kiuno, anasikilizia kama mfupa umefunikwa nyama, anataja bei, na mwenye kondoo hana namba yoyote ya kumjibu. Pima kilo mbele ya wote, maongezi yanabadilika hapo hapo.

Kugawa madume ya kisasa ndo sapoti inayopendwa zaidi na ndo inaniogopesha zaidi. Kenya, Dorper, aina ya kondoo wa nyama toka Afrika Kusini, walichanganywa hovyo na kondoo mwekundu wa Kimaasai, chotara wakawa wakubwa kweli, ila ule uwezo wa yule mwekundu kuhimili minyoo ukaanza kupotea. Bora kwanza kufundisha watu kufunua kope la chini la kondoo, ndani kukiwa kwekundu yuko poa, kukiwa kweupe minyoo imeshamnyonya damu mpe dawa, hivyo hudungi zizi zima kila mwezi mpaka minyoo inakuwa sugu kwa dawa.

Kwenye chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo hapo sibishani na mtu, hiyo ni kazi ya serikali, kirusi hakijui zizi la nani limelipiwa na la nani halijalipiwa.

Kinachobaki kigumu ni machinjio. Wanakondoo wengi wanakua kwa mkupuo mmoja kufuata mvua na majani, kwa hiyo kiwanda kinafurika miezi michache halafu kinakaa kitupu huku mishahara na umeme vinadai. Mimba ya kondoo ni miezi mitano, wafugaji wakikubaliana nani anapandisha lini na wakawa na majani makavu ya kiangazi wanaweza kupishana, bila hayo makubaliano mi nisingeanza kumwaga zege.